Kigari cha Mtoto si Adui wa Askari

Kazi ya kwanza ya askari ni kutazama. Awe langoni mwa kambi, kwenye kizuizi cha barabarani au katika doria ya sokoni, macho yake ndiyo silaha anayoitumia kutwa kucha. Bunduki hufuata baadaye, na Mungu akipenda isifuate kabisa. Lakini kukitazama kitu usichokijua ni nusu ya kazi. Ndiyo maana leo tumeona vyema kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona la kitoto: ujenzi na upakaji rangi wa vigari vya kuchezea vinavyoongozwa kwa redio, na jinsi askari anavyopaswa kuvitazama vigari hivyo mahali kama Endiinzi na makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Endiinzi ni mji mdogo wa Wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, katika upande wa nchi unaoelekea mpaka wa Tanzania. Jirani yake ni Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ambayo leo yanahifadhi watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Wengi wao walifika wakikimbia watu waliovaa sare. Hivyo, mtoto wa Nakivale anapomwona askari kwa mara ya kwanza hamwoni askari huyo peke yake. Nyuma yake humwona na yule aliyechoma nyumba yao kule walikotoka. Jambo hili halipendezi kulisema, lakini hatuna budi kulisema, maana yote tutakayoyaeleza hapa yanasimama juu yake.

Watoto wa mahali kama hapo hawangoji duka la vitu vya kuchezea. Hulichukua jerikeni lililopasuka wakalikata likawa bodi. Vizibo vya chupa na vipande vya ndara vikawa magurudumu. Waya ukapindwa ukawa usukani mrefu unaoshikwa na mtoto akitembea nyuma ya gari lake. Nani miongoni mwetu aliyelelewa kijijini asiyepata kukisukuma kigari cha namna hiyo? Kutoka hapo hadi kigari cha redio si mwendo mrefu. Kijana aliyejifunza kutengeneza redio na simu mbovu, akipata mota ndogo na kipokezi kutoka katika kitu cha kuchezea kilichovunjika, atakifanya kile kigari cha jerikeni kiondoke chenyewe. Na hapo ndipo matata yanapoweza kuanza, kwa kuwa askari aliyekipita kigari cha waya bila kukiangalia mara mbili atasimama akionapo betri, nyaya na antena mikononi mwa mtoto.

Basi na tukieleze chombo chenyewe. Kigari cha redio kina viungo vichache. Mkononi mwa mwendeshaji kuna rimoti inayotoa amri kwa mawimbi. Ndani ya kigari kuna kipokezi kinachoisikia amri hiyo na kuigawa mara mbili: sehemu moja huenda kwenye sevo, ambayo ni mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele kulia na kushoto, sehemu ya pili huenda kwenye kidhibiti mwendo, ambacho huipimia mota kubwa umeme wa betri. Mota huzungusha gia, gia huzungusha difu, difu huzungusha ekseli, na magurudumu yakaenda. Askari wa mawasiliano atatambua mara moja kwamba huu ni utaratibu wake mwenyewe: kamanda hutamka, mwenye redio hupokea, kikosi hutekeleza. Katika vigari vya zamani vilivyotumia mawimbi ya megahezi 27, vigari viwili vya wimbi moja vikiwashwa pamoja kila kimoja hutii amri za mwendeshaji wa mwenzake, jambo ambalo kila aliyewahi kushika redio ya jeshi analijua vizuri. Vya siku hizi hutumia gigahezi 2.4, na kipokezi hufungamanishwa na rimoti yake ili kisisikilize sauti ya mgeni.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni mageni katika historia ya majeshi. Mwaka 1898, Nikola Tesla alionyesha mjini New York mashua ndogo iliyogeuka huku na huku kwa amri ya redio, bila kamba wala waya. Mwaka 1976, kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, iliuza kigari chake cha kwanza cha kuunganisha kilichoongozwa kwa redio, mfano wa Porsche 934 kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Ili kulipata umbo sawasawa, Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyo alinunua gari halisi la Porsche akalifungua vipande vipande. Tangu hapo maelfu ya vijana duniani wameijifunza gia na difu mezani kabla ya kuiona gereji.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi sisi wenye sare ni wa mwaka 1972. Jeshi la Uingereza lilikuwa likipoteza watu huko Ireland ya Kaskazini kwa mabomu yaliyofichwa ndani ya magari. Luteni Kanali Peter Miller akabuni jambo jepesi: alichukua toroli ya bustani iliyoendeshwa kwa umeme, akaitengeneza iweze kuongozwa kutoka mbali na kulikokota gari lililoshukiwa. Chombo hicho kiliitwa kwa jina lile lile la toroli kwa Kiingereza, Wheelbarrow, na kikawa babu wa mashine nyingi zinazotumiwa leo na mafundi wa kutegua mabomu. Kwa hiyo tukikidharau kigari kinachoongozwa kutoka mbali tunamdharau ndugu mdogo wa mashine inayookoa maisha ya askari.

Tusijifanye hatuioni hofu ya askari. Hofu hiyo ina sababu. Tarehe 11 Julai 2010, mabomu yaliwaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala. Tarehe 16 Novemba 2021, mabomu yalilipuka tena katika jiji hilo hilo, karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na karibu na Bunge. Askari aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa akiushuku waya uliochomoza kutoka kwenye jerikeni. Ni kweli pia kwamba duniani wapo waovu waliotumia rimoti za vitu vya kuchezea kwa kazi ya kuua. Anayesema kwamba askari afumbe macho kwa kuwa aliyekishika kitu ni mtoto, huyo hamtakii mema askari, wala mtoto.

Tunachokisema ni kwamba hofu isiyo na maarifa haimlindi mtu yeyote. Askari asiyekijua chombo ana njia mbili tu: ama kunyang'anya kila kitu chenye betri, ama kupitisha kila kitu kilichopakwa rangi ya kupendeza. Njia ya kwanza humdhulumu mtoto, na ya pili humpa nafasi mwovu. Mwenye maarifa anayo njia ya tatu, nayo ni kuuliza.

Akikutana na kigari, na ajiulize kwanza: kiko na nani? Kigari kilichoachwa peke yake kando ya barabara, sokoni au kwenye ukuta wa kituo, hakiguswi wala hakiwashwi; watu huondolewa, na mafundi wenye ujuzi wa mabomu huitwa. Hapo hakuna mjadala. Lakini kigari kilicho mikononi mwa mwenyewe, mchana kweupe, wenzake wakikimbia nyuma yake, hicho ni jambo jingine. Kwa hicho swali la pili hufuata: anaweza kukieleza? Mtoto aliyekijenga kigari kwa mikono yake anakijua kila kiungo. Atakuambia waya huu unatoka kwenye betri, huu unakwenda kwenye mota, na kipande hiki alikitoa kwenye kinanda kilichokufa cha jirani. Tena atakueleza kwa furaha, hata umchoke. Aliyepewa kitu na mtu asiyemjua, akaambiwa akipeleke mahali fulani, hana maelezo hayo; na kisa chake ni cha kuwaita wakubwa, pamoja na mzazi wake, huku mtoto akitendewa kama mtoto. Swali la tatu ni la haki: ikiwa hapana budi kigari kichukuliwe kikaguliwe, je, mzazi na mwenyekiti wa Kamati ya Ustawi wa Wakimbizi wamejulishwa, na siku ya kukirudisha imetajwa? Kitu kilichochukuliwa bila maneno huonekana kimeibwa, hata kama aliyekichukua hakukusudia wizi.

Sasa, jibu la mtoto atalipimaje askari ambaye yeye mwenyewe hajui sevo ni nini? Hapo ndipo tunapofikia shauri letu. Askari na ajenge kigari kimoja. Ajenge akiwa likizoni pamoja na mwanawe, au katika karakana ya kambi saa za mapumziko. Mwenye uwezo atanunua seti ya kuunganisha. Asiye na uwezo atafanya kama wafanyavyo vijana wa Nakivale, atafute kitu kilichokufa akifufue. Bisibisi, koleo, chuma cha kulehemu na kipande cha msasa vyatosha kuanzia.

Kazi hiyo itamfunza mambo mawili yanayomfaa kazini. La kwanza ni subira. Parafujo ikikazwa kupita kiasi katika plastiki huula uzi wake na haitashika tena. Gia zikibanwa mno mota huunguza umeme bure, zikiachana mno meno huliwa. Aliyejifunza kukaza kwa kiasi mezani hatakuwa mwepesi wa kukaza kupita kiasi mahali pengine. La pili ni hadhari ya umeme. Betri ya lithiamu ya simu au kompyuta ina takriban volti 3.7, mbili zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa volti 7.4, ambazo ni nguvu tosha kwa kigari. Lakini betri hiyo ikitobolewa, ikichajiwa kupita kiasi au ncha zake zikigusana, huweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Katika makazi ambamo wengi huchaji kwa paneli za jua, na nyumba nyingine zina kuta za miti na udongo na turubai kwa paa, betri ya namna hiyo isichajiwe usiku watu wamelala. Askari anayeyajua haya atakuwa na neno la kumwambia mtoto lenye faida kuliko kumwambia, "Ondoka hapa!"

Baada ya kujenga huja rangi, na hapa tuwie radhi tukikaa kidogo, kwa kuwa wengi huiona rangi kuwa pambo tu. Aliyepata kupaka gari la jeshi anajua kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla kopo halijafunguliwa. Bodi huoshwa mafuta, husuguliwa kwa msasa, hukaushwa. Kisha rangi hupakwa tabaka jembamba, ikasubiriwa, likafuata jingine. Mwenye haraka hupaka nzito mara moja, na rangi ikatiririka kama machozi. Bodi za seti za madukani, zile za plastiki angavu, hupakwa upande wa ndani ili mawe yasiikwaruze rangi. Kwa sababu hiyo mpangilio hugeuka: rangi iliyokoza hutangulia, nyeupe huja mwisho, kwa maana tabaka la kwanza ndilo litakaloonekana kwa nje. Plastiki ya jerikeni, kwa upande wake, haipendi rangi kabisa. Hata ukiisugua, itabanduka baada ya siku chache. Mbao na bati hupokea rangi vizuri zaidi. Na pale Isingiro, wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara linapopanda kila gari lipitapo, kazi ya rangi ifanywe asubuhi mapema, mbali na njia.

Lakini rangi gani? Mtoto hupaka alichokiona. Aliyetoka Kivu akiwa na kumbukumbu za malori ya wapiganaji huenda akakipaka kigari chake madoa ya kijani na kahawia, akakisimamishia kijiti juu kuwa bunduki. Askari asimpige mtoto huyo, wala asikivunje kigari. Anachokisema mtoto kwa rangi ndicho asichoweza kukisema kwa mdomo. Hata hivyo ni wajibu wa mkubwa kumwonyesha kwamba yapo magari mengine duniani. Isingiro ni nchi ya matoke: na aunde lori la ndizi. Kuna gari la wagonjwa, lori la maji, greda la barabara. Alama za Jeshi na za Polisi tuziache zibaki kwenye magari yaliyoapishiwa kazi hiyo, na mtoto aelezwe sababu kwa upole. Na asiye na rangi asihuzunike; njano ya jerikeni la mafuta ya kupikia ni rangi tosha, tena haibanduki.

Kuna jambo jingine kubwa, nalo ni lugha. Kiswahili nchini Uganda kiliingia kambini tangu enzi za jeshi la wakoloni, kikabaki kuwa lugha ya askari. Kwa bahati mbaya, katika miaka mibaya ya nchi hii, raia wengi walikisikia kutoka katika kinywa kimoja tu, nacho kilisema: "Simama! Lala chini! Toa!" Si ajabu kwamba wengi walikichukia. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kukipa nafasi ya lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini lugha haipendwi kwa azimio. Hupendwa kwa mambo mema yaliyosemwa ndani yake. Nakivale kuna maelfu ya Wakongo ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani na ya sokoni. Askari kutoka Gulu, Soroti au Mbarara, asiyejua neno moja la Kinyabwisha, anaweza kuzungumza na mtoto huyo bila mkalimani. Hazina iliyoje! Na tuitumie kwa maneno mapya: shika bisibisi, legeza parafujo, angalia gia, ngoja rangi ikauke. Mtoto aliyesikia Kiswahili cha namna hiyo kutoka kwa mtu mwenye sare amepata kitu ambacho hakuna hotuba inayoweza kumpa.

Wapo watakaosema kwamba askari ana kazi za maana kuliko kucheza na watoto. Tunawaomba wakumbuke mambo mawili. Huko Goma watu husafirisha mizigo mizito kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho mgeni akikiona hudhani ni mchezo wa watoto. Mji ule umekijengea sanamu, kwa kuwa kinalisha familia. Na hapa kwetu, vijana wa Makerere waliounda gari la umeme la Kiira mwaka 2011 walifuatiwa na mabasi ya Kayoola, na mabasi ya umeme ya mwanzo yaliundwa katika kiwanda cha Luwero Industries kule Nakasongola, ambacho ni mali ya jeshi. Mota, betri, kidhibiti mwendo: viungo vikuu vya basi lile ndivyo vile vile vya kigari cha mtoto wa Endiinzi, tofauti ikiwa ni ukubwa. Nchi inayotaka mafundi wa basi haina budi kuwavumilia mafundi wa kigari.

Tunapendekeza basi kwamba vituo vya polisi vya Nakivale na Endiinzi vitenge uwanja mmoja, mbali na barabara kuu na vizuizi, ambapo vigari vitaruhusiwa kukimbia Jumamosi alasiri mbele ya askari wa mahusiano na raia. Tunapendekeza kambi ya Makenke, yenye karakana na mafundi wa redio, itoe fundi mmoja siku hiyo, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kiombwe kutoa wanafunzi wake. Gharama yake ni ndogo. Faida yake ni kwamba baada ya miezi michache askari watakuwa wanawajua mafundi wote wadogo kwa majina na vigari vyao kwa rangi, na siku kitakapotokea chombo kisichojulikana, watoto wenyewe watakuwa wa kwanza kukimbilia kituoni kusema, "Afande, hiki si chetu." Ulinzi wa namna hiyo haununuliwi.

Ndugu askari, Jumamosi ijayo ukimwona mtoto kando ya njia ameinama juu ya jerikeni lenye nyaya, usiinue sauti. Chuchumaa karibu naye umuulize: "Mwanangu, waya huu unakwenda wapi?" Kisha msikilize hata amalize.